Kidonda cha Mguu wa Mwenye Kisukari na Bakteria Wasiosikia Dawa

Kidonda cha mguu ni mojawapo ya sababu kubwa zinazowafanya watu wenye kisukari walazwe hospitalini, na ndicho hutangulia sehemu kubwa ya matukio ya kukatwa miguu miongoni mwao. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria kwamba mwaka 2024 watu wazima wapatao milioni 589 walikuwa wakiishi na ugonjwa huo duniani, na wataalamu wa miguu hukadiria kwamba kati ya asilimia 19 na 34 ya wenye kisukari hupata kidonda cha mguu wakati fulani maishani. Nusu ya vidonda hivyo, au zaidi kidogo, huingiwa na maambukizi, na pale maambukizi yanapofikia kiwango cha wastani au kikali, takriban mgonjwa mmoja kati ya watano huishia kukatwa sehemu fulani ya mguu, iwe kidole tu au mguu mzima. Hesabu hizo ni nzito hata pale dawa zinapofanya kazi yake, na zinazidi kuwa nzito kwa sababu bakteria wanaotolewa katika vidonda hivyo, katika hospitali za Afrika Mashariki kama kwingineko, mara nyingi ni wale ambao dawa zilizozoeleka haziwaui tena. Hali hiyo huitwa usugu wa vimelea dhidi ya dawa, ambao katika mawasiliano ya afya nchini Tanzania hufupishwa kuwa UVIDA, na kidonda cha mguu wa mwenye kisukari ni mahali ambapo usugu huo hupata karibu kila kinachohitajika ili uzaliwe, ukomae na uhamie kwa watu wengine.

Chanzo cha yote kiko katika mguu wenyewe, kabla bakteria hawajafika. Sukari ikikaa juu katika damu kwa miaka mingi huharibu neva, yaani nyuzi zinazopeleka habari kati ya ubongo na viungo, na zile ndefu zaidi, zinazofika kwenye vidole vya miguu, ndizo huharibika kwanza. Neva za hisia zikifa, mguu hufa ganzi, na mtu aweza kukanyaga msumari asubuhi akaugundua jioni anapovua kiatu. Neva zinazoongoza misuli midogo ya wayo zikidhoofika, vidole hujikunja na uzito wa mwili huelemea sehemu chache, ambapo ngozi hujenga sugu, na chini ya sugu hiyo nyama hupondeka na kuvuja damu bila maumivu yoyote ya kumtahadharisha mwenyewe. Neva zinazosimamia jasho nazo zikishindwa, ngozi hukauka na kisigino hupasuka magaga, ambayo kwa mtu mwenye afya ni kero ya urembo tu, lakini kwa mwenye kisukari ni mlango ulioachwa wazi.

Tafiti zilizofanyika Dar es Salaam tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, zikiongozwa na Dkt. Zulfiqarali Abbas na wenzake, zilionyesha kwamba ganzi hiyo ndiyo sababu kuu ya vidonda vya miguu kwa wagonjwa wa Tanzania, na zilieleza mambo ambayo vitabu vya tiba vya Ulaya havikuwa na sababu ya kuyataja. Mojawapo, lililochapishwa mwaka 2005, ni la wagonjwa waliotafunwa nyayo na panya wakiwa usingizini, wakaamka asubuhi na kidonda ambacho hawakukisikia kikichimbwa. Jingine ni la maambukizi makali ya mkono yanayoanza kwa mchubuko mdogo au kuumwa na mdudu, ambayo kwa kuwa yalijitokeza zaidi katika nchi za joto yalipewa jina la ugonjwa wa mkono wa kisukari wa nchi za tropiki. Mahujaji wenye kisukari nao hujulikana kwa kuungua nyayo huko Makka wanapotembea peku juu ya sakafu na lami iliyochomwa na jua, na hapo pia kinachowaponza ni ganzi, kwa sababu mwenye hisia kamili angeondoa mguu kabla ngozi haijaungua.

Ganzi hufungua ngozi, lakini kinachozuia kidonda kufunga ni mambo mengine mawili. La kwanza ni mishipa ya damu, ambayo kwa mwenye kisukari huziba mapema, hasa akiwa mvutaji wa sigara au mwenye shinikizo la damu, kiasi kwamba mguu haupati oksijeni wala chembe za kinga za kutosha. La pili ni chembe nyeupe za damu zenyewe, ambazo kazi yake ni kuwafuata bakteria na kuwameza, na ambazo sukari inapokuwa juu huchelewa kufika na hudhoofika katika kuua. Bakteria anayeingia katika mguu wa namna hiyo hukuta chakula kipo na walinzi ni wachache.

Wanaoingia kwanza kwa kawaida ni wakazi wa ngozi. Stafilokokasi wa rangi ya dhahabu, anayeishi puani na ngozini mwa watu wengi bila kuwadhuru, ndiye mara nyingi anayeongoza katika maambukizi mapya ya mguu, akifuatiwa na streptokokasi. Hawa wawili wako katika kundi linaloitwa gramu chanya, jina linalotokana na Hans Christian Gram, mtaalamu wa Denmark ambaye mwaka 1884 alibuni njia ya kuwapaka bakteria rangi ili waonekane kwenye hadubini: wenye ukuta mnene hubaki na rangi ya zambarau, na wenye ukuta mwembamba uliofunikwa na utando wa nje wa mafuta huishia kuwa wa waridi, nao huitwa gramu hasi. Mgawanyo huo una uzito mkubwa wakati wa kuchagua dawa, kwa sababu ule utando wa nje wa gramu hasi huzuia dawa nyingi zisipenye. Katika nchi za joto, na katika vidonda vilivyokaa muda mrefu au vinavyoloweshwa maji kila siku, gramu hasi huwa wengi kuliko inavyoonekana Ulaya na Amerika Kaskazini: esherikia koli na klebsiela wanaotoka tumboni, protiasi, sudomonasi anayependa unyevunyevu, na asinetobakta anayeng'ang'ania kwenye vitanda na vifaa vya wodi. Nyama ikianza kufa na kunuka, huongezeka bakteria wanaoishi pasipo oksijeni. Kidonda cha miezi kadhaa kinaweza kuwa na aina nyingi za bakteria kwa wakati mmoja, wengine wakiwa wapangaji tu na wengine wakiwa ndio wabomoaji.

Tofauti kati ya wapangaji na wabomoaji ndiyo kiini cha jambo zima, na ndiyo inayopuuzwa zaidi. Hakuna kidonda kilicho wazi kisichokuwa na bakteria, hivyo kuwapata bakteria kidondani hakuthibitishi kwamba kuna maambukizi. Maambukizi hutambuliwa kwa macho na mikono ya mganga, si kwa maabara. Miongozo ya kimataifa, ambayo ilirekebishwa mara ya mwisho mwaka 2023, inataka ziwepo angalau dalili mbili kati ya hizi: uvimbe au ugumu wa nyama, wekundu unaozidi nusu sentimita kuzunguka kidonda, maumivu, joto, na usaha. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huonekana kwa shida, kwa hiyo joto, uvimbe na ngozi inayong'aa huhitaji kutazamwa kwa makini zaidi, na kwa mguu wenye ganzi maumivu yanaweza yasiwepo kabisa, ingawa maumivu mapya katika mguu ambao kwa miaka haukuuma ni ishara mbaya. Wekundu ukivuka sentimita mbili, au maambukizi yakifika kwenye kano, kiungo au mfupa, hali huhesabiwa kuwa ya wastani. Yakiambatana na angalau mawili kati ya mambo kama homa au mwili kupoa kupita kiasi, mapigo ya moyo kuzidi 90 kwa dakika, na kupumua kwa kasi, hali ni kali na mgonjwa anapaswa kulazwa siku hiyo hiyo.

Kidonda kisicho na dalili hizo hakihitaji dawa ya kuua bakteria hata kidogo. Dawa hizo, ambazo huitwa viuavijasumu na ambazo watu wengi huzijua kwa jina la antibayotiki, zina kazi moja tu, nayo ni kuua bakteria au kuwazuia wasizaliane. Hazioteshi nyama mpya, hazifungui mshipa ulioziba, hazipunguzi uzito unaoelemea wayo wala hazishushi sukari. Mgonjwa anayepewa vidonge kwa ajili ya kidonda safi kisichofunga amepewa jibu la swali ambalo mguu wake haukuuliza, na kidonda kinapoendelea kubaki wazi, kwa kuwa sababu yake haijaguswa, huongezewa dawa kali zaidi, kisha nyingine kali kuliko hiyo. Njia hiyo ya ngazi kwa ngazi, inayofuatwa kwa nia njema kabisa na wagonjwa, jamaa zao na hata baadhi ya waganga, huenda ndiyo kiwanda kikubwa kuliko vyote cha bakteria sugu katika miguu ya wenye kisukari.

Watu wengi huamini kwamba bakteria "huzoea" dawa kama mtu azoeavyo pilipili, na imani hiyo huficha jinsi mambo yanavyokwenda. Bakteria mmoja mmoja hazoei kitu. Dawa ikimfikia kwa kiwango cha kutosha, hufa. Lakini bakteria huzaliana kwa kasi ya kutisha, esherikia koli akipata mazingira mazuri hugawanyika takriban kila baada ya dakika 20, na katika kila mamilioni ya migawanyiko hutokea makosa madogo katika vinasaba, yaani maandishi ya urithi yanayoamuru umbo na tabia ya kiumbe. Makosa mengi hayana faida. Mara chache kosa humpa mwenyewe uwezo wa kustahimili dawa fulani, na siku dawa hiyo inapoingia, jirani zake wote hufa naye hubaki na nafasi na chakula peke yake. Dawa haikumfundisha chochote, ilimchagua tu. Zaidi ya hapo, bakteria wana njia ambayo viumbe wakubwa hawana: wanaweza kupeana vipande vidogo vya vinasaba vinavyoitwa plasmidi, hata kati ya aina tofauti, hivi kwamba klebsiela aliyetoka tumboni humkabidhi esherikia koli ustahimilivu dhidi ya dawa tatu au nne kwa mpigo mmoja.

Ustahimilivu wenyewe huchukua sura chache zinazojirudia. Baadhi ya bakteria hutengeneza vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemikali, ambavyo hukata molekuli ya dawa kabla haijafanya kazi. Vimeng'enya vya jamii ya betalaktamasi huvunja penisilini, na vile vilivyopanuka uwezo huvunja pia seftriaksoni, sindano ambayo kwa miaka mingi imekuwa tegemeo la wodi za Afrika Mashariki. Wengine hubadilisha sehemu ambayo dawa ilipaswa kuishika. Sudomonasi hujua njia mbili zaidi, kuziba matundu ya utando wake wa nje na kuendesha pampu zinazoitoa dawa nje mara tu inapoingia, ndiyo maana dawa za kumezwa zinazomuua ni chache mno.

Historia ya stafilokokasi inatosha kuonyesha kasi ya mbio hizi. Alexander Fleming aligundua penisilini mwaka 1928, na katika hotuba yake ya Nobel ya mwaka 1945 alikwisha kuonya kwamba dawa ikitumiwa kwa kiwango kidogo itazalisha bakteria wasiodhurika nayo. Methisilini, iliyotengenezwa mahususi ili isivunjwe na vimeng'enya vya stafilokokasi, ilianza kutumika mwaka 1959, na mwaka 1961 Uingereza ikatangaza stafilokokasi asiyejali methisilini, ambaye alikuwa amebadilisha protini inayoshikwa na dawa za jamii hiyo yote. Uzao wa namna hiyo, unaojulikana duniani kwa kifupi MRSA, sasa hupatikana katika vidonda vya miguu kila bara, na mgonjwa aliye naye hapati nafuu kwa kloksasilini wala sefaleksini hata akimeza kwa wakati na kwa kipimo. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022 yalisema kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu wa aina zote, na Afrika kusini mwa Sahara ilibeba mzigo mkubwa zaidi kwa kulinganisha na idadi ya watu wake.

Kwa nini basi mguu wa kisukari uwe kitalu kizuri kuliko, kwa mfano, koo au kibofu? Sababu ya kwanza ni mzunguko wa damu. Dawa inayomezwa au kudungwa husafiri kwa damu, na pale damu inapofika kwa shida, dawa nayo hufika kwa kiwango kidogo kinachoua bakteria dhaifu na kuwaacha wenye nguvu. Sababu ya pili ni utando wa ute. Bakteria wakikaa siku chache juu ya nyama iliyokufa hujishikiza na kujifunika kwa ute mzito wa sukari na protini, na ndani ya ute huo wengi wao huacha kugawanyika, hali inayowafanya wasidhurike na dawa zinazoshambulia bakteria wanaokua. Bakteria walioufanya utando waweza kuhitaji dawa mara mia au zaidi ya kiasi kinachowaua wakiwa peke yao, kiasi ambacho mwili wa binadamu hauwezi kukistahimili. Utando huo hauyeyuki kwa kidonge. Huondolewa kwa kisu. Sababu ya tatu ni mfupa. Kidonda kilichochimba hadi mfupani huwapa bakteria maficho katika mfupa uliokufa, usio na damu kabisa, na maambukizi hayo yanaweza kukaa kimya kwa miezi, ngozi ikajifunga juu yake, kisha usaha ukatoka tena. Ukiongeza msongamano wa aina nyingi za bakteria zinazopeana plasmidi, dozi zilizotangulia katika miezi ya nyuma, na wiki za kulazwa katika wodi ambayo mikono na mikasi hupita kutoka kitanda hadi kitanda, unapata picha kamili.

Maabara ingeweza kusaidia sana hapa, ikitumiwa ipasavyo. Kipimo chenyewe ni kuotesha bakteria kwenye chakula maalumu kwa siku mbili au tatu, kuwatambua, kisha kuwajaribu kwa dawa mbalimbali ili ijulikane ipi inawaua. Kosa linalofanyika mara nyingi ni kupitisha pamba juu ya kidonda kichafu na kuipeleka maabara. Pamba hiyo huokota wapangaji wa juu, majibu yakaja na orodha ya bakteria wanne, na mgonjwa akaandikiwa dawa za kuwaua wote wanne ilhali anayebomoa yuko chini zaidi na huenda hakuokotwa. Inavyotakiwa ni kukisafisha kidonda kwanza, kuondoa nyama iliyokufa, kisha kukwangua au kukata kipande kidogo cha nyama hai ya chini, na kama mfupa unashukiwa, kipande cha mfupa. Ni kazi ya dakika chache zaidi. Hata hivyo, tatizo kubwa la ukanda huu ni kwamba maabara zenyewe ni chache: uchunguzi uliofanyika katika nchi 14 za Afrika, zikiwamo Kenya, Tanzania na Uganda, uliotolewa mwaka 2022, ulihesabu maabara zipatazo 50,000 na kukuta kwamba asilimia 1.3 tu kati yake ndizo zilizofanya vipimo vya bakteria. Mganga wa kituo cha afya analazimika kubahatisha, na anayebahatisha akiogopa kukosea huchagua dawa pana kuliko inayohitajika.

Kuna uchunguzi mwingine usiohitaji maabara. Mganga akiingiza kijiti cha chuma kilichotakaswa ndani ya kidonda na kikagota kwenye kitu kigumu, uwezekano wa mfupa kuambukizwa ni mkubwa, hasa kama kidonda kina dalili za maambukizi. Picha ya eksirei hukamilisha habari, ingawa mabadiliko ya mfupa huchukua wiki mbili au tatu kabla ya kuonekana, kwa hiyo picha ya kwanza iliyo safi si kibali cha kutulia.

Tiba ya kidonda kilichoambukizwa huanza kwa mkono wa mpasuaji. Jipu hupasuliwa, usaha hutolewa, nyama iliyokufa hukatwa mpaka ionekane inayotoa damu, na mishipa ya mguu hupimwa ili ijulikane kama inahitaji kuzibuliwa. Dawa huja kusaidia kazi hiyo, na muda wake ni mfupi kuliko wengi wanavyodhani: wiki moja hadi mbili kwa maambukizi ya ngozi na nyama, ikisogezwa hadi wiki tatu au nne kama maambukizi yalienea sana au damu haifiki vizuri, wiki zipatazo sita kwa mfupa ambao haukukatwa, na wiki tatu pale mfupa ulipokatwa lakini bakteria wakabaki kwenye ncha. Maambukizi yakiisha dawa husimama, hata kama kidonda bado kiko wazi. Kuendelea kumeza mpaka kidonda kifunge, jambo linaloonekana kuwa la hekima, huongeza wiki za kuwachagua bakteria sugu bila kumwongezea mgonjwa hata siku moja ya kupona.

Hapo pana mgongano na ujumbe uliozoeleka wa kumaliza dozi. Ujumbe huo ulilenga watu wanaonunua vidonge vichache kwa sababu ya fedha au wanaoacha siku ya pili wakiona nafuu, na kwao bado una maana, kwani maambukizi yaliyotibiwa nusu hurudi. Kasoro yake ni kwamba unawafanya watu waamini dawa nyingi ni kinga dhidi ya usugu, wakati utafiti wa miaka ya karibuni unaonyesha kinyume: kila siku ya ziada isiyohitajika ni siku ambayo mabilioni ya bakteria wa tumboni na ngozini, wasio na hatia yoyote, wanachujwa. Dozi sahihi ni ile aliyoipanga mganga aliyekiona kidonda, na hiyo ndiyo ya kumalizwa.

Nje ya hospitali mambo huwa na sura yake. Sheria zinataka viuavijasumu vitolewe kwa cheti cha mganga, lakini katika miji na vijiji vingi mtu huweza kuingia duka la dawa, akaeleza mguu wake, akatoka na kapsuli kadhaa kadiri ya fedha aliyonayo. Wapo wanaofungua kapsuli na kunyunyizia unga wake kidondani, kitendo kisicho na faida, kwa sababu unga huo hukauka juu ya usaha bila kuingia ndani, huweza kuwasha ngozi, na huwapa bakteria kiwango hafifu cha dawa ambacho ndicho hasa kinachowalea walio sugu. Haifai kuwalaumu wanaofanya hivyo pasipo kutazama umbali wa hospitali, foleni, na gharama ya kusafishwa kidonda kila baada ya siku moja au mbili kwa wiki nyingi. Mtu anayelipia nauli, bandeji na kipimo, kisha akapoteza kibarua cha siku, atajaribu dukani kwanza.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2017 mgawanyo wa viuavijasumu katika makundi matatu: dawa zinazopaswa kupatikana kwa urahisi, kama amoksilini, kloksasilini na metronidazoli, dawa za kutumiwa kwa uangalifu, zikiwamo siprofloksasini, seftriaksoni na meropenemu, na dawa za akiba, kama linezolidi na kolistini, zinazobaki kwa ajili ya bakteria walioshinda nyingine zote. Mwaka 2024 nchi wanachama wa Umoja wa Mataifa zilikubaliana kwamba ifikapo 2030 angalau asilimia 70 ya viuavijasumu vinavyotumiwa na binadamu duniani vitoke kundi la kwanza. Lengo hilo litakwama katika kliniki za miguu iwapo kila kidonda kitaendelea kuanzishiwa siprofloksasini au seftriaksoni kwa mazoea. Matumaini ya dawa mpya yapo lakini ni ya polepole, na tiba ya virusi vinavyokula bakteria, ambayo taasisi ya Eliava ya Tbilisi nchini Georgia imeishughulikia tangu mwaka 1923, bado haijaingia katika miongozo ya kawaida ya vidonda vya kisukari.

Kilichokwisha kuonyesha matokeo Afrika Mashariki ni cha chini zaidi kwa gharama. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Tanzania na India zilikuwa nchi za kwanza kujaribu mpango wa mafunzo uliopewa jina la hatua kwa hatua, ambao kwa kila kituo uliwafundisha daktari na muuguzi pamoja, ukawapa vifaa vya kukwangua sugu na kusafisha vidonda, na kuwataka warudi baada ya muda kuonyesha walichofanya. Taarifa ya mpango huo iliyochapishwa mwaka 2011 ilieleza kupungua kwa idadi ya wagonjwa wa vidonda waliokatwa miguu. Wauguzi walifundishwa kupima ganzi kwa uzi wa nailoni unaopinda unapobonyezwa kwa uzito wa gramu 10, na pasipo uzi huo kuna njia ambayo hata mtoto wa nyumbani aweza kuifanya: kugusa taratibu kwa ncha ya kidole, kwa sekunde moja au mbili, kidole gumba, cha kati na cha mwisho cha kila mguu huku mgonjwa amefumba macho, naye aseme anapohisi. Akikosa kuhisi miguso miwili au zaidi kati ya sita, mguu wake una hatari, na kuanzia hapo anapaswa kukagua nyayo kila siku, kukung'uta kiatu kabla ya kukivaa, kuacha kukata sugu kwa wembe na kutochovya miguu katika maji ya moto ambayo hawezi kuyapima kwa ngozi yake.

Sehemu ya mwisho ya tiba hii, na labda ndiyo inayopewa uzito mdogo kuliko zote, ni kiatu. Kidonda cha wayo hakifungi kikiendelea kukanyagiwa, na plasta ngumu inayofunika mguu hadi chini ya goti, ikihamisha uzito kutoka kwenye kidonda, hufunga vidonda vya ganzi visivyo na maambukizi kwa muda wa wiki kadhaa bila kidonge hata kimoja. Baada ya kupona, takriban asilimia 40 ya wagonjwa hupata kidonda kingine ndani ya mwaka mmoja, mara nyingi pale pale, na kidonda hicho kikiambukizwa huja na bakteria waliokwisha kupitia dawa za mara ya kwanza. Kwa mtu wa namna hiyo kandambili hazifai, kwa kuwa humlazimisha kubana vidole na humwacha wazi kwa miiba na mawe. Anahitaji kiatu kipana cha mbele, chenye kisigino kilichofungwa na soli laini ya ndani, ambacho fundi mzuri wa viatu aweza kukitengeneza akipewa kipimo cha mguu na maelezo ya mahali palipokuwa na kidonda. Anahitaji pia mtu wa kumkagua miguu na kumpunguza sugu kila mwezi mmoja hadi mitatu, mradi awe na kituo kilicho karibu chenye muuguzi aliyefundishwa kazi hiyo.